Ukuta wa Kivulini

Mtu wa kwanza kuvunjwa pua na Sebile alikuwa mchumba wake mwenyewe. Msichana wa miaka kumi na saba, anateremka mlima na mzigo wa kuni mgongoni, na kijana Mahir akamtania njiani kwamba mwanamke wa nguvu hizo atakuja kuzaa mafahali. Sebile hata mzigo hakutua. Alimtwanga kichwa cha pua, akapita zake. Mwaka huohuo wakaoana, na pua ya Mahir ikabaki imepinda mpaka siku waya wa kushushia magunia ya chai ulipokatika ukamtupa mtoni.

Watu wa bonde lile, huko kwenye milima inayotazama Bahari Nyeusi, hawakumshangaa sana. Kule kila kitu kinapigana. Mto unapigana na mawe usiku na mchana, dubu wanapigana na mizinga ya nyuki, na unyevu unapigana na chochote kilichosimama wima. Ukisahau viatu nje siku tatu, vinaota kijani. Kwa hiyo mwanamke wa miaka hamsini na minane anayetembea na shoka kiunoni alikuwa jambo la kawaida tu, ilimradi usimkere.

Aliyemkera safari hii ni ukuta.

Nyumba yake ilikaa chini ya miti mirefu, na ubavu wake wa kaskazini haukuwahi kuliona jua. Upande huo ndiko alikolala mama yake, Mama Najiye, mwenye miaka themanini na tisa, kitanda kimeegemea ukuta. Miaka minne nyuma Riza, mdogo wake Sebile anayeishi Istanbul, alimletea mama yao zawadi: vibao vyeupe vya plastiki, vimechorwa mistari hata vikafanana na mbao. Alivigandamiza juu ya mbao za zamani, katikati akashindilia sponji, hakuacha nafasi hata ya kupita mdudu. Majirani wakasifu wakasema nyumba imevaa suti. Hakuna aliyejiuliza jasho la suti hiyo litatokea wapi.

Mwezi wa tisa, chumba cha mama kikaanza kunuka kama pango. Sebile alibandua kibao kimoja pembeni, akachoma kisu ndani. Kikazama mpaka mpini, na alipokichomoa, yakafuata maji ya kahawia. Akapanda ngazi akaigonga boriti kwa mgongo wa shoka. Ilitoa sauti ya boga. Na boriti ile ndiyo iliyobeba paa. Ikiachia, paa lote linamshukia mama kitandani.

Alijaribu kumhamishia chumba cha mbele. Mama Najiye alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Mume wake alifia kwenye kitanda kile, mahali palepale, naye hahami.

Basi Sebile akaenda kwa Fundi Mevlut, aliyekuwa amebakiwa na vidole vitatu mkono wa kulia na maneno mengi kuliko vidole. Nguzo na boriti, alisema, anazo zake kavu za kutosha, atazileta Alhamisi. Tabu ni cha kuvisha ukuta. Msonobari? Mahali penye jua, sawa, lakini kivulini pale utakuwa uji baada ya mvua chache. Mabati? Yatatoa jasho kwa ndani, na mvua ikipiga mama atadhani vita vimerudi. Vibao vya saruji vingefaa, ila ni vizito, na lori la kuvipandisha lingesubiri barabara iliyomezwa na maporomoko itengenezwe.

"Plastiki nyingine je?" Sebile aliuliza, kumchokoza tu.

"Dada Sebile, plastiki haiozi. Inaozesha. Wewe unataka mkestane."

Hilo alilijua tangu utotoni. Mkestane, mti wa njugu na maua unaolisha watu na nyuki kule, ndio mti pekee uliokubaliana na maji, lakini sharti ukatwe majani yakishapukutika na mwezi ukiwa unapungua, kisha ukaushwe miaka. Uliokatwa jana hukauka ukiwa umeshapigiliwa, ukajikunja, ukafungua mianya. Na mkestane mkavu bonde zima ulikuwa mahali pamoja tu: kwenye kuta za ghala la babu yao, lililosimama juu ya nguzo uani kwa Sebile. Miaka mia ya mvua, na mbao zake ukizigonga zinalia kama kengele.

Lakini ghala halikuwa lake. Baba yao aligawa kabla ya kufa: nyumba kwa atakayemtunza mama, ghala kwa mtoto wa kiume. Na Riza, alipopigiwa simu, alisema ameshaliuza kwa mwenye hoteli, atakayelisimamisha bustanini wageni wapige picha. Lori dogo la hoteli, litakalobeba mbao kidogo kidogo, lingekuja Ijumaa kupitia njia ya juu isiyohimili mizigo mizito. Kuhusu ukuta, alisema dada yake ana wivu na zawadi yake.

Sebile alikata simu, akachukua mtaimbo.

Kufikia Alhamisi mchana alikuwa ameshang'oa ubavu mzima wa ghala na kuupanga chini ya ukuta wa mama. Plastiki aliitupa korongoni. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwao, isiyo na haraka. Riza, aliyekuja kukabidhi ghala, akatokea kwenye njia nyembamba kati ya ukuta na mteremko, kalowa, koti la mjini limemganda mwilini.

"Zirudishe," alisema.

"Njoo kwanza ushike hii boriti kwa mkono wako."

"Dada, nimesema zirudishe. Miaka yote unanifanya mtoto."

"Mtoto angeelewa."

Riza alimpiga kofi. Kabla sauti ya kofi haijaisha, mpini wa shoka ulikuwa umeshamwingia mbavuni, akapiga magoti kwenye tope. Akamvuta dada yake kilemba, wakaviringika, akambamiza kichwa kwenye jiwe. Sebile akamng'ata sikio, akahisi kipande kimelegea mdomoni. Riza alipiga ngumi ovyo kama anayezama, moja ikampasua Sebile nyusi, damu ikamfumba jicho. Waliinuka wote wakihema. Akamkunja dada yake shati ili amtupe korongoni, kweli kabisa alikusudia, uso wake ulionyesha. Sebile akajigeuza, akamsukuma kwa bega na uzito wote wa kuni za miaka arobaini.

Riza alitua ukutani kinyumenyume, na ukuta haukumzuia.

Alipita. Mbao zilipasuka bila kelele, kama mkate uliolowa, naye akaingia mpaka kiunoni, miguu nje inarusha tope, kichwa kikamwangukia Mama Najiye mapajani. Ajabu ni kwamba bibi kizee hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe, damu na vumbi la mbao usoni, akachukua fimbo yake akamchapa nayo paji la uso.

"Siku hizi Istanbul hamgongi mlango?"

Boriti ikalia juu yao.

Sebile aliisikia kabla ya kuiona. Aliruka, akaingiza bega chini ya ncha yake ilipokuwa inashuka. Mfupa wa bega ulikatika kwa mlio ambao Riza aliusikia akiwa ndani, lakini magoti hayakukunjika. Hakumwita mtu. Alisimama tu, meno nje, paa limemkalia.

Riza alijichomoa kwenye lile tundu, vipande vya mbao vimemchoma mgongo. Alimwona dada yake. Akaona na boriti: ndani ilikuwa nyeusi, wadudu weupe wanadondoka kwenye nywele za Sebile. Aliinama akaweka mgongo wake wenye damu kando ya bega la dada yake, akasukuma juu, na wakasimama hivyo wakitukanana kwa sauti ya chini, mpaka Mevlut akafika na nguzo.

Ijumaa lori la hoteli lilikuja. Riza, kichwa kimefungwa kitambaa, alimwambia dereva hakuna ghala hapa. Dereva akasema karatasi ina sahihi yake, kisha akamwita tapeli. Riza akavunja taa moja ya mbele kwa mtaimbo, akaunyanyua tena kwa ajili ya ile nyingine. Lori likarudi nyuma kilima chote.

Akarudi kwenye ngazi, alikokuwa akipigilia mbao za ghala ukutani. Sebile alikuwa chini, mkono umefungwa kifuani, anachagua mbao kwa mguu na kumsukumia moja moja.

"Hiyo umeigeuza," alisema. "Upande wa moyo wa mti unatazama nje."

Riza alitema damu kando, akang'oa misumari, akaigeuza mbao ile.