Halfani Aliyekodi Tumbo la Meli

Mwenye hasira kama za Halfani wa Kondoa alikuwa adimu Dodoma nzima, na sehemu kubwa ya hasira hizo ilitokana na mafuta ya taa. Ujanani alikuwa mpagazi wa misafara. Wajerumani walipoifikisha reli Dodoma, akatua mzigo na kufungua duka karibu na stesheni, akiuza chumvi, kaniki na mafuta. Kila msimu wenye maghala wa pwani walipandisha bei ya mafuta walivyopenda, na mtu wa bara alinunua hivyo hivyo au alikaa gizani.

"Wanatukamua kama mbuzi," alimwambia mkewe, Batuli. "Tutayaleta wenyewe."

Akawashawishi wafanyabiashara wawili wa Kilimatinde. Wakachanga walichokuwa nacho, naye Halfani akaweka duka lake rehani. Mustapha, wakala wa meli huko Dar es Salaam, akawakodia tumbo zima la meli ya moshi kuleta mafuta kutoka Bombei, yakiwa kwenye madebe yaliyotiwa masandukuni. Walikubaliana mafuta yasafiri chini tumboni, pakavu, wala si juu ya sitaha. Mzigo ukifika umeharibika, Halfani angeukataa na hasara ingemrudia wakala. Akishaupokea tu, hasara ni yake, na duka limekwenda.

Mustapha alipanda gari moshi pamoja na shehena, kanzu yake nyeupe pe. Behewa lilipofunguliwa, harufu iliwapiga watu usoni. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kupitia mbao za sakafu mpaka kwenye kokoto za reli. Halfani alipanda, akapitisha kidole juu ya sanduku, akakilamba.

"Chumvi! Mustapha, masanduku haya yameoga mawimbi, madebe yameliwa na kutu. Mliyaweka wapi?"

"Kwenye meli, mzee. Meli hupita baharini. Ulitaka yaogeshwe kwa asali?"

"Nilikodi tumbo!"

"Tumboni kulikuwa na saruji ya mkubwa mmoja. Na wewe mtu wa bara, tumbo la meli na mgongo wake utavitofautishia wapi? Shusha mzigo wako."

Mishipa ya shingo ilimsimama Halfani. Akamgeukia Matonya, Mgogo wa kijiji cha Kikuyu hapo Dodoma, mnyapara wa wapagazi wa pale. "Matonya, asiguse mtu hata msumari."

"Nani aguse?" Matonya akatema mate pembeni. "Kwetu ng'ombe akiletwa anachechemea, hatushiki kamba. Ukishika kamba, umeshika na kilema."

Halfani akaenda kumtafuta mkuu wa stesheni, Mjerumani, aje ashuhudie uharibifu. Aliporudi naye, alikuta mambo yamegeuka.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambao wanawake huchimba mchanga wa korongo ili kupata kata moja ya maji. Mwanamke wa nchi ile hawezi kuona kitu kinadondoka ardhini akapita tu. Batuli alikuwa amefika na wenzake, wakaona michirizi, na mikono ikafanya kazi kabla ya akili. Chini ya behewa vilipangwa vibuyu, vyungu na mitungi, na ndani yake mafuta yakilia to, to, to.

Mustapha alipiga makofi. "Bwana mkubwa, tazama mwenyewe! Mkewe anakinga. Amekwisha kupokea!"

Mkuu wa stesheni alilitaka behewa lake lipakiwe ngozi. "Umepokea," akasema. "Shusha, au viboko hamsa ishirini."

"Baba Mwanahawa," Batuli alisema kwa sauti ndogo, "yalikuwa yanapotea bure..."

Neno baya lilimjia Halfani mdomoni, kubwa, la kuvunja nyumba. Akalimeza. Hasira ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama pale ndani ya kanzu nyeupe.

Matonya akaangua kicheko cha kebehi. "Ewe wa pwani! Mtoto wa jirani akianguka ukamdaka, ndiyo amekuwa wako? Utamtahiri na kumwoza?"

Watu wakacheka. Halfani hakucheka. Aliinama, akachukua kibuyu cha kwanza, akakipandisha behewani na kukitua mbele ya masanduku. Batuli akaelewa. Akabeba chungu chake, wenzake wakamfuata, mpaka chini ya behewa hapakubaki chombo.

"Sijapokea," Halfani alimwambia Mjerumani. "Mke wangu alidaka, sasa amerudisha."

Alipigwa. Alilazwa pale pale kwenye kokoto zenye mafuta, askari akahesabu, naye akauma kilemba chake asitoe sauti. Alipoinuka, mkuu wa stesheni akaamuru wapagazi washushe. Matonya akakunja mikono, na watu wake wakakunja yao. Walitishiwa kiboko, wakakaa chini wakingoja zamu ya kuchapwa.

Injini ilikuwa ikitoa moshi, ngozi zikingoja juani. Mjerumani akaishiwa uvumilivu, akamgeukia wakala. "Uchafu huu ni wako. Rudi nao! Ngozi zitangoja behewa jingine."

Mustapha alisafiri na shehena yake inayovuja, pindo la kanzu limelowa. Duka la Halfani halikuchukuliwa. Lakini Dodoma ilikaa gizani msimu ule, na Batuli alichota maji kwa vyombo vya kuazima, vyake vikiwa vimekwenda na behewa.

"Tumeshinda, baba Mwanahawa," alimwambia usiku mmoja akimkanda mgongo.

"Tumeshinda nini?" Halfani alifoka. "Nimechapwa kwa kukataa kuibiwa. Kanda taratibu!"