Mchochea Tanuri wa Hamamu

Mtu anayechochea tanuri la hamamu, nyumba ya kuogea ya mji wa milimani wa Azru, hawatazami usoni wanawake wanaomletea majiko yao ya udongo. Hutazama majivu. Theluji ikianguka, kila nyumba humletea jiko alasiri, naye hulijaza makaa mekundu kwa koleo refu, kisha huyafunika majivu polepole ili yadumu hadi asubuhi, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea na moto. Itto, bibi harusi wa mwezi mmoja, alimjia siku ya tatu mfululizo na jiko lililozimika kabla ya alfajiri. Mama mkwe wake alikwishasema kuwa mke asiyeweza kutunza moto ni heri arudi kwao.

"Nani kalichokonoa?"

"Si mimi, baba. Naapa."

Aliinama juu ya mikwaruzo ya majivu, akachekea puani. "Ni mama mkwe wako huyo. Tangu alipokuja hapa akiwa bibi harusi, hawezi kuona jiko asilichokonoe. Na yeye aligombezwa na mama mkwe wake mpaka akalia."

Itto akaziba mdomo kwa ncha ya shali. Yule mtu akavuta chungu kidogo chenye ukingo uliomeguka, akakitia makaa yasiyo na majivu. "Hiki mwekee mbele yake, achokonoe mpaka aridhike. Lako lifiche nyuma ya pazia."

Alfajiri Itto alipeleka kiganja nyuma ya pazia, akakuta joto. Mama mkwe alikuwa amelala fofofo, kijiti chake cha kuchokonolea bado kimo mkononi.