Mashine Iliyoniambia Nimekufa

Nilipoitwa kwenye kamati ya kuchagua simuleta, mashine ya kuigiza kazi kwenye kioo, ya kufundishia mafundi wa magari ya jeshi, nilinunua shati jipya. Mimi ni wa darasa la saba, lakini nimefungua injini za malori ya jeshi miaka mingi, na kabla ya hapo za malori ya kahawa kwetu Muleba. Nikatoka Buhembe asubuhi nikijiona profesa.

Simuleta zilikuwa mbili, zimewekwa katika ukumbi pale Bukoba mjini. Ya kwanza ilikuwa na kioo kikubwa kama mlango, na ndani yake lori linang'aa. Injini ikanguruma. Nikachomoa bisibisi mfukoni, nikagusisha ncha kwenye kioo na mpini sikioni, nisikilize valvu kama kaka yangu alivyonifundisha.

"Waitu mzee," mwenyekiti akaninong'oneza kwa heshima ya Kihaya, "sauti inatoka kwenye spika."

"Najua, afande." Sikujua.

Kwa kubonyeza vitufe nikapiga jeki, nikaingia chini, nikashusha giaboksi. Kioo kikaandika nimefaulu, na makofi yakalia humo humo ndani.

Ya pili ilikuwa na picha mbaya kama katuni. Nikapiga jeki, nikaingia chini kwa madaha. Kioo kikawa chekundu: UMEKUFA. HUKUZUIA TAIRI.

"Marehemu, toka tukuzike!" mjumbe mmoja, fundi umeme, akapiga kelele. Wote wakacheka. Nikajaribu kucheka nao, nikashindwa.

Kaka yangu alifia chini ya lori Buganguzi. Kuweka jiwe nyuma ya tairi ilikuwa kazi yangu, nami nilikuwa ng'ambo ya barabara nabishania bei ya senene. Msibani walisema ni mapenzi ya Mungu. Niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Wajumbe waliitaka ile ya kwanza. Ya pili, walisema, inamdhalilisha mwanafunzi. Nikasimama.

"Kwenye ya kwanza nimefanya kosa hilo hilo, ikanipigia makofi."

Kisha nikawaeleza habari za lile jiwe. Sikuwahi kumwambia mtu. Fundi umeme akainamisha kichwa. Mwenyekiti akaandika: ya pili.

"Rudia basi, mzee," akasema.

Nikaweka kizuizi. Nikakikagua, nikakikagua tena, nikazunguka tairi zote. Muda ukaisha sijagusa hata boliti moja. Kioo kikaandika nimefeli.

Fundi umeme akanitazama, safari hii bila utani. "Lakini upo hai, mzee."

Nikarudisha bisibisi mfukoni, nikamwambia ndiyo.