Fundi Lenzi na Ada ya Saa Isiyotengenezeka

Kwa miaka thelathini na minane Fundi Lenzi alikaa kwenye baraza moja, nyuma ya meza moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, na katika muda wote huo hakuwahi kumtoza mtu hata senti kwa saa iliyomshinda. Jina la Lenzi alibandikwa na wauza vitabu wa duka la jirani, maana ile lenzi nyeusi ya kukuzia ilikuwa haimtoki jichoni. Alikula nayo, alisalimia watu nayo, na siku moja alikwenda nayo mpaka kwenye harusi ya shemeji yake, mkewe akaigundua wakati mpiga picha amekwisha kuwapanga.

Enzi hizo saa ilikuwa saa, na saa ilifunguka. Unaigeuza, unatafuta upenyo mdogo wa kuingizia kisu, kifuniko kinaruka, na kila kitu kiko mbele yako, kinatembea au hakitembei. Akimaliza kazi, kabla hajafunga, Lenzi alichukua sindano akakwaruza ndani ya kifuniko tarehe ya siku ile na herufi moja ya jina lake. Mteja hakuiona alama hiyo. Ilikuwa ya fundi atakayekuja baadaye, ajue nani alipita humu na lini. Yeye mwenyewe alikuwa akizikuta za wenzake, wengine wamekwisha kufa, na kila mmoja alimsalimia kimoyomoyo. Kuna siku alifungua saa ya karani mmoja wa posta akakuta humo alama ya mzee aliyemfundisha kazi. Siku hiyo alifunga mapema, kwa sababu macho yalijaa na bisibisi haikuonekana tena.

Na kila jioni, ikigonga saa kumi na moja, mkewe alifika barazani, akasimama nyuma yake, akamvuta shati begani mara mbili bila kusema neno. Maana yake ilikuwa: funga, twende. Walirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita nyuma ya kiwanda cha mbao, wakizungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Ukimuuliza leo walizungumza nini hawezi kukwambia, lakini angetoa vyote alivyo navyo azungumze tena hayo hayo.

Kisha simu zikaingia, watu wakawa wanatazama saa mfukoni, na baraza likapangishwa kwa muuza makava ya simu. Lenzi akarudi kukaa nyumbani. Daktari alipomwambia mkewe atembee kila siku kwa ajili ya moyo, binti yao, mwalimu wa sekondari, alimnunulia mama yake saa janja, ile ya mkanda wa mpira inayohesabu hatua. Lenzi aliigeuza, akaikosa ile sehemu ya kuingizia kisu, akaicheka.

"Hii si saa," alisema. "Hiki ni kibonge cha gundi."

Mkewe aliivaa. Aliipanga imtikise mkono mara mbili kila siku saa kumi na moja, na ikimtikisa naye alikwenda kumvuta mumewe shati kutoka kwenye kiti. Walitembea hivyo kama mwaka mmoja, mpaka moyo ulipokataa.

Baada ya mazishi Lenzi aliivaa yeye. Alisema anaivaa isije ikaharibika kwa kukaa bure, na hakuna aliyeamini. Miezi kumi na minne, kila saa kumi na moja, kitu kilimvuta mkono mara mbili, naye akainuka akapita nyuma ya kiwanda cha mbao. Halafu siku moja saa kumi na moja ikapita na mkono haukuvutwa.

Binti yake aliipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni. Baada ya siku nne ulikuja ujumbe: kifaa hakitengenezeki, ilipwe ada ya uchunguzi ndani ya siku thelathini, la sivyo kitateketezwa. Ada yenyewe ilitosha kununua saa mbili nzuri za kawaida. Mwalimu alipandwa na hasira. Kwa wiki tatu alipiga simu, akaandika barua, akazirudisha barua za kampuni zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Mwishowe akamchukua baba yake, wakaenda wenyewe.

Kituo kilikuwa ghorofa ya pili, kina viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja na ubaridi wa mashine unaoingia mifupani. Namba yao ilipowaka ubaoni, mhudumu wa kaunta, kijana mwenye tai, aliinuka kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua saa ya mke wangu."

"Utaipata, mzee wangu. Ukishalipa ile ada tu."

"Ada ya kutengeneza?"

"Haitengenezeki, mzee. Ada ya uchunguzi."

Lenzi aliegemea kaunta. Ilikuwa miaka mingi hajaegemea kitu kwa ajili ya kazi, na alijisikia vizuri.

"Mwanangu, mimi nimeshika saa kabla baba yako hajavaa ya kwanza. Vitu hivi vimezibwa kwa gundi pande zote. Sasa niambie, mliifungua, au mliitazama tu? Kwa sababu kama ni kutazama, hata mimi natazama bure."

Watu kwenye viti walicheka. Mama mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo alisema, "Mwambie, babu, hawa wametuzoea." Lenzi akavimba kichwa. Akaendelea kueleza jinsi yeye alivyofanya kazi miaka thelathini na minane bila kumlipisha mtu kwa kushindwa kwake, na binti yake akawa anaitikia kwa kichwa. Mhudumu wa tai maji yakamzidi unga, akaenda ndani kumwita fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mikono kwenye glavu nyeupe. Alikuja na sinia dogo, saa iko juu yake, imefunguliwa.

"Tuliifungua," alisema kwa sauti ya chini. "Na hatukuwa wa kwanza. Betri yake ilikuwa imechoka tu, hiyo tungebadilisha. Lakini kuna mtu aliingia kabla yetu akakata huu waya bapa, na waya huu umeungwa na bodi yenyewe. Hauuzwi peke yake."

"Msitusingizie," alisema Mwalimu. "Hakuna aliyeigusa saa hii. Baba, waambie."

Fundi aliweka sinia juu ya kaunta. Alishika kifuniko kwa kibano akakigeuza kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na tarehe iliyokwaruzwa kwa sindano, na herufi moja.

Lenzi aliiona kabla hajataka kuiona. Ilikuwa alasiri, siku moja baada ya saa kuzima, binti yuko shuleni. Aliishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikalegea, akapitisha kisu, na kwa muda mfupi alikuwa kijana tena, lenzi jichoni. Akainua kifuniko jinsi alivyozoea, bila kujua kwamba safari hii kuna kitu kimekishikilia kwa ndani. Alisikia kitu kikichanika. Alijaribu kila alichokijua, kisha mkono wake, ambao una mazoea yake, ukachukua sindano kabla ya kufunga. Jioni ile alimwambia binti yake, "Imezima yenyewe."

Fundi wa kike alimtazama usoni, akaitazama tena ile herufi. Yeye naye ni fundi, alikwisha kuelewa.

"Naweza kuandika kwamba chanzo hakikujulikana," alisema polepole. "Nikiandika hivyo, ada inafutwa."

"Hayo ndiyo maneno," alisema Mwalimu. "Wiki tatu tunawaambia."

Lenzi alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, kunyamaza. Angeshinda mbele ya watu wote wale, na binti yake angetembea kifua mbele mwezi mzima.

"Andika ilivyo," alisema. "Ni mimi niliyeifungua."

Mama mwenye simu iliyopasuka alianza kutazama sakafu. Mwalimu aligeuka taratibu.

"Wiki tatu, Baba. Nimegombana na watu wiki tatu."

"Najua."

"Ungeniambia tu."

"Nilitaka nimtengenezee mama yako," alisema Lenzi. "Nikaiua. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Mwalimu alifunga faili lake. Lenzi alitoa pochi akalipa mwenyewe, akasaini palipoonyeshwa, akapewa saa ndani ya kifuko kidogo cha plastiki. Mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini miguu haikwenda.

Hapo ndipo alipowakumbuka wale watu. Zamani, akishamwambia mteja kwamba saa yake imekufa na hadaiwi kitu, mteja mara nyingi alibaki amesimama mbele ya meza. Wanawake wenye saa za marehemu baba zao, wanaume wenye saa za kaka zao. Lenzi alidhani wanangoja kuonyeshwa saa nyingine, au hawana pa kwenda. "Nimeshasema ni bure," aliwaambia, na kabla hawajageuka alikwisha kuita, "Anayefuata!" Miaka thelathini na minane aliita hivyo, na usiku akalala akijihesabu mtu mwema.

Kwenye kaunta kulikuwa na kitufe cha kuitia namba nyingine, na mhudumu wa tai alikwisha kunyoosha kidole. Fundi wa kike akaweka mkono juu ya kitufe.

"Mzee, usiharakishe," alisema.

Binti yake, ambaye hasira zilikuwa hazijamtoka, alisogea akasimama karibu naye.