Nimempeleka baba mkwe mtarajiwa kula Kijapani hapa Kayanga, nusura nimkose binti yake

Habari za mchana wakuu. Nimetoka kula sasa hivi. Hii si chai, anayebisha apite Kayanga aulize.

Mimi ni kijana wa Nyaishozi, kwetu ni migomba, maharage na kahawa. Mchumba wangu, nimwite Kemi, ni mwalimu Kihanga, ila kwao ni Songambele kule Kyerwa, watu wa ng'ombe hasa.

Baba yake alikuwa hajanikataa wala hajanikubali. Mwaka mzima jibu lake ni moja tu: "Nitakula naye kwanza, nimuone."

Juzi Kemi akaniambia mzee anakuja Kayanga kupima macho, mchana atakuwa na nafasi. Wakuu, nilipagawa kwa furaha.

Hapa mjini kuna dada mmoja, Jovitha, aliyepika miaka mingi kwenye mgahawa wa Wajapani Dar, kisha akarudi nyumbani kufungua wa kwake. Meza nne, pazia la kitambaa mlangoni, bakuli na vijiti. Hakuna makuu, unakula na ndala zako.

Mimi pale ni mteja wa kudumu. Nikasema leo mzee ataona kwamba mtoto wa migomba naye kaijua dunia.

Nikampa Jovitha oda mapema, vile vyote ninavyovipenda mimi. Kemi akauliza nimeagiza nini. Nikamjibu aniachie, ni sapraizi. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Saa saba mzee akaingia, koti, kofia na fimbo yake. Nikamwamkia kwa adabu zote, akaitikia, akavua kofia, tukasali. Chakula kikaja kinanukia hadi nikasahau woga.

Supu ya moto kwenye bakuli dogo. Wali uliofinyangwa vitonge na sangara juu yake. Sato aliyechovywa kwenye uji wa unga akakaangwa, mkavu, ukimtafuna hadi jirani anasikia.

Mzee akainua bakuli la supu, akalisogeza mdomoni, akasita.

"Hii ni supu ya nini?"

Nami kwa mbwembwe: "Ya dagaa, baba. Wa Bukoba."

Akalirudisha bakuli mezani taratibu. Akatazama vitonge, akamtazama sato. "Sisi hatuli samaki. Jioni nakunywa maziwa. Nikichanganya na samaki, ng'ombe wangu watadhurika."

Wakuu, nikaikagua meza upya. Meza nzima ni samaki, hadi supu! Kwetu ukimpa mgeni samaki umemheshimu. Na Kemi mwenyewe anakula sato hadi anafyonza miiba, nikadhani nyumbani kwao ni hivyo hivyo. Kumbe kaanzia chuoni, na baba yake hajui.

Mzee akashika kofia yake. Nikaona mwaka mzima wa kusubiri unaondoka na ile kofia.

Wazo la kwanza lilikuwa kumwambia achukue wali tu. La pili nicheke, nimwambie baba, hayo ni mambo ya zamani. Namshukuru Mungu niliyameza yote mawili.

Nikasimama. "Baba, nimekosea. Nilipaswa kuuliza." Nikabeba sahani zake, nikabeba na za kwangu, na njaa ile, nikapeleka zote jikoni.

Jovitha akanitazama, akaelewa kabla sijamaliza. Akavuka barabara mwenyewe kwenda buchani, akarudi na nyama ya ng'ombe. Akachukua sufuria safi na kisu kingine.

Mzee akainuka akaenda kusimama mlangoni pa jiko na fimbo yake, anakagua. "Hii ni ya paja," akasema. "Kisu kikingame na nyuzi zake." Jovitha akajibu, "Ndiyo baba, ndivyo nilivyofundishwa na Wajapani." Mzee akatikisa kichwa kukubali, nadhani aliwaheshimu Wajapani kuanzia hapo.

Nyama nyembamba kama karatasi, vitunguu, tangawizi, sukari kidogo na sosi ya soya, vikamwagwa juu ya wali wa moto ndani ya bakuli. Nimekula pale mara ngapi sijui, na sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile. Nilijaribu vijiti, nyama ikaniangukia kwenye shati. Mzee akaomba kijiko, akala, akalisafisha bakuli.

Tulipotoka nje akavaa kofia, akanigeukia.

"Na sahani zako nazo ulizirudisha," akasema.

"Ndiyo baba."

"Njoo Jumamosi na wazee wako. Mje asubuhi, mnywe maziwa." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Siku hiyo msile samaki."

Nimempigia Kemi, amelia kwenye simu hadi wanafunzi wakaja kumchungulia. Mimi mwenyewe sijiwezi, nacheka peke yangu.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa najipikia sifa zangu, mgeni nikamsahau. Swali moja tu, "baba unakula nini," lingetosha.

Sasa wakuu mliooa kwa wafugaji, shusheni maoni: kuna nini kingine nisichokijua kabla ya Jumamosi? Naandika haya nikiwa chumbani. Jirani anakaanga dagaa, nimefunga dirisha.