Tulimwacha Mtoto Mtoni

"Ehee!"

Ndivyo walivyoitikia, benchi zima kwa pamoja, kila nilipofika kwenye nukta. Sauti nzito ya kifuani, kama wanawake wanaotua mizigo ya kuni kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyewafundisha. Hadithi huitikiwa, basi, hata ikiwa inatoka kwenye karatasi. Mpaka leo nikisoma peke yangu hufika mwisho wa sentensi nikanyamaza kidogo, nikasubiri. Hakuna anayejibu. Hapo ndipo hasira hunipanda, na mimi si mtu wa hasira. Niulizie Kilosa. Watakwambia, aa, yule binti wa maktaba, yule anayecheka hata akijikwaa.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda mbele, nikapata kibarua cha kufagia maktaba yetu ndogo ya umma. Nilikuwa na ufunguo wa mlango wa mbele kwa sababu nilitangulia asubuhi kupiga deki kabla ya wengine kufika. Na kwa kuwa hakuna aliyeniona saa hizo, nilikuwa nakaa kwenye kiti cha mkuu wa maktaba, nashika mhuri, nagonga hewani. Nilijiambia iko siku. Shule sina, lakini iko siku.

Mkuu wetu wa zamani alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyeanzisha baraza. Sheria yake ilikuwa moja: ndani kimya, nje sauti. Siku za gulio, mchana jua likishakuwa kali, mabenchi yalitolewa kibarazani na mtu mmoja akasoma kwa sauti. Alipogundua kwamba nasoma bila kukwama, akanikabidhi mimi. "Wasiojua kusoma nao wana maktaba," aliniambia. "Maktaba yao ni wewe."

Basi nilivimba kichwa wiki nzima.

Walikuja mabibi wa kambi ya zamani ya mkonge, ambao baba zao waliletwa kukata mkonge na kutandika reli, wakabaki. Walikuja wanawake wa vijiji vya Tindiga na Ulaya waliouza mchele wao na sasa walingoja usafiri. Alikuwapo mama mmoja wa Kisukuma, Kiswahili chake bado kichanga, akicheka baada ya wenzake kucheka, halafu akimgusa jirani: "Kasemaje?" Nikisoma, mashine za kusaga za jirani zinanguruma, nami napandisha sauti kuzishinda.

Katika wote, mmoja alikuwa wangu. Bibi wa kambini, mwembamba kama ufito, mdomo mchungu. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, kisha papo hapo, "Haya, mke mwenzangu, leo umekula? Maana jana ulisoma kama mgonjwa." Akikaa mbele kabisa, mkono kwenye shavu.

Kitabu tulichokuwa nacho wakati ule kilikuwa kimechanika jalada, kilipita mikono mingi. Kilisimulia habari za mtoto wa kike anayetumwa na mama yake aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, akamwite mkunga ng'ambo ya mto. Mto umefurika. Mtoto anaingia. Watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa mto uliofurika. Siku hiyo nilifika pale maji yanapomfika kifuani, anapepesuka, mvua ikaanza kutunyeshea kibarazani, tukafunga kitabu. Tukaagana hadi gulio lijalo.

Gulio lijalo hatukuwa na mkuu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yalifunguliwa hata kwenye madirisha ya vyumba vya kulala, mitumba ilitandazwa mpaka kando ya reli, na serikalini watu wakapunguzwa. Mama yetu alipunguzwa. Walimpa keki, kitenge, na hotuba ambayo aliyeitoa alikosea jina la kituo alichofanyia kazi mama. Alifuta miwani, akashukuru. Mahali pake akaja kijana mwenye tai na stashahada, mchangamfu, mwenye kupeana mikono na kila mtu hadi sisi wafagiaji.

Sitasema uongo juu yake. Paa lilikuwa linavuja toka nazaliwa. Yeye alipata bati. Taa ziliwaka. Rafu mpya zilikuja, na kabati la vioo. Chumba cha nyuma kilichokuwa cha popo kikawa cha wanafunzi wa sekondari. Maktaba ilikua, nami nilifurahi kweli, nilipaka rangi kuta zile kwa mikono yangu huku naimba.

Kisha akakodisha kibaraza kwa bwana mmoja mwenye mashine ya kutoa kopi.

"Maktaba lazima ijiendeshe, dada," aliniambia. "Zama za kungoja serikali zimekwisha."

"Na baraza, mkuu?"

"Baraza gani?" Nilipomweleza akatabasamu. "Maktaba ni mahali pa kusoma. Anayetaka kusoma aingie, ajiandikishe, alipe ada, asome."

"Hawajui kusoma."

"Basi waende elimu ya watu wazima."

Madarasa ya watu wazima yalikuwa yamekufa zamani, naye alijua. Kile kitabu chetu, kwa kuwa nakala ilikuwa moja tu, kikaingia kabati la vioo pamoja na vingine vya zamani. Kumbukumbu, aliita. Hakitoki.

Wengine walisikitika, wakazoea. Bibi wangu hakuzoea. Alikuja kila gulio, akasimama pembeni ya ile mashine inayotema karatasi, akaniita kwa kidole.

"Ametoka?"

"Nani, bibi?"

"Mtoto. Tulimwacha majini."

Nilimwambia nitaomba kabati lifunguliwe, nisome mwenyewe, nije nimsimulie. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Usinisimulie. Kusimuliwa nimesimuliwa maisha yangu yote. Nataka maneno ya kitabu, moja moja, kama yanavyosomewa wenye macho."

Baadaye alihamia Mikumi kwa bintiye, mwenye genge la chakula kando ya barabara kuu, pale yanapopumzika malori ya Zambia. Nikadhani imekwisha.

Ndipo siku moja mkuu akaniita ofisini. Mgeni rasmi anakuja kuona maendeleo ya maktaba. Akanionyesha picha iliyoachwa ukutani na mama yetu: mabenchi kibarazani, mimi nimeshika kitabu, bibi mbele mkono shavuni.

"Nawataka hawa. Kama zamani. Hasa huyu bibi, ana sura nzuri. Nauli hii hapa, kamlete."

Kama zamani! Sikusikia neno jingine. Nilipanda basi la Mikumi nikicheka peke yangu, vumbi la Ulaya lote likaniingia mdomoni kwa sababu sikuweza kuufunga. Nilimkuta bibi anachambua mchele nyuma ya genge. Nikampigia magoti, shikamoo, nikamwambia linarudi, baraza linarudi, mkuu mwenyewe kasema.

Hakuuliza mgeni ni nani. "Na kitabu ni kilekile?"

"Kilekile."

Akaingia ndani, akatoka na kanga ambayo haijawahi kufuliwa.

Siku yenyewe mashine ya kopi ilifunikwa shuka ikasukumwa ndani. Mabenchi yakatolewa. Walikuja karibu wote, wamejipaka mafuta, hata yule mama wa Kisukuma, safari hii na Kiswahili cha kutosha kugombea nafasi ya mbele. Mama yetu wa zamani alialikwa, akakaa na wakubwa. Mgeni rasmi akatembezwa kwenye rafu, kwenye taa, kwenye bati. Mwisho akaletwa kibarazani. Mkuu akafungua kabati la vioo mwenyewe, akanipa kitabu kwa mikono miwili.

Nilirudi nyuma kurasa chache ili washike uzi. Nikasoma. Wakaitikia. Mgeni akatikisa kichwa kwa furaha, akasema kumbe hata wazee hawa wanapenda kusoma. Kamera ikalia. Mtoto akaingia mtoni. Maji magotini, maji kiunoni, maji kifuani, anapepesuka.

"Inatosha, inatosha!" Mkuu alipiga makofi. "Ahsanteni sana, kina mama. Soda ziko kule."

Wageni wakainuka. Gari likaondoka. Bwana wa kopi, bila kungoja hata vumbi litue, akaanza kusukuma mashine yake nje, akiwapigia kina mama kelele wapishe.

Bibi hakuinuka. "Mbona mnamzamisha tena?"

Nilimfuata mkuu ndani.

"Mkuu, zimebaki kurasa chache tu. Tumalizie."

"Tumalizie nini? Mgeni ameondoka."

"Wenyewe hawajaondoka."

"Dada, unafagia vizuri, usiniharibie siku."

"Ulisema kama zamani!"

"Kwa leo. Kwani nilisema milele?"

"Umewaita wazee wa watu kama maua ya mezani! Bibi katoka Mikumi!"

"Na nauli nimetoa mimi." Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. "Kodi ya kibaraza ndiyo inayolipa deni la bati. Mvua ikinyesha, hadithi yako itazuia maji?"

Jibu lilikuja baadaye nikiwa njiani, kama kawaida ya majibu mazuri: bati huezekwa ili watu wasilowe, na watu wenyewe umewatoa nje.

Mama yetu wa zamani, aliyekuwa ametufuata ndani, alinishika bega. Nilimgeukia nikijua atanisemea. Baraza lilikuwa lake. Alilianzisha yeye.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Kila zama na kitabu chake."

"Basi hiki cha zama zetu mbona hamtuachi tukimalize?"

Aliweka sawa kitenge chake kipya, chupa ya soda mkononi. Mkuu nimekwisha kumsamehe nusu. Hakuwahi kuketi kwenye mabenchi yale, hakujua anachovunja. Mama yetu alijua. Wema wake wote nilioupenda, ule upole wa kufuta miwani na kushukuru, siku ile niliuona ni kitu kingine, na sijaacha kuukasirikia.

"Rudisha kitabu kabatini," mkuu akasema, "halafu mpeleke bibi stendi."

Sikukirudisha. Nilikitia chini ya kanga, nikamshika bibi mkono, tukaenda stendi, na basi la Mikumi lilipokuja nikapanda naye. Njia nzima alitazama dirishani, midomo kaibana.

Tulifika jua linazama. Bintiye alikuwa amezidiwa na wateja. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, karibu na taa ya chemli, nikafungua pale pale kwenye maji ya kifuani. Dereva mmoja aliacha ugali hewani. Utingo wake akasema, "Sista, anza basi nyuma kidogo, hatujamwelewa huyo mtoto," na bibi akamkemea, "Kula! Ukimya ndio bei ya kusikiliza." Nikasoma hadi ukurasa wa mwisho, sauti imenikauka.

Bibi akauliza, "Alitoka mwenyewe, au alitolewa?"

"Mwenyewe, bibi. Si umesikia? Alishika mzizi."

"Hapo sawa." Akainuka kukusanya sahani. Nilipotaka kufunga kitabu ndani ya kanga, aliweka mkono juu yake. "Kiache."

"Utakifanyia nini, nawe husomi?"

"Wanaosoma wanapita hapa kila siku, na wote wana njaa. Atakayenisomea, nyama naongeza."

Utingo akasema yeye anasoma, amefika kidato cha pili. Akaambiwa asogee kwenye taa.

Nilirudi Kilosa na basi la kwanza la kesho yake. Mji ulikuwa umeamka nusu. Kibarazani mashine ya kopi ilikuwa imefungwa mnyororo kwenye nguzo niliyoipaka rangi mimi. Kazi yangu ilikuwa ingali ndani: ndoo, dekio, na kile kiti. Ningeweza kufungua, nikafagia, nikasema kitabu sijui kilipo, na mkuu angekasirika siku mbili akasahau, na labda iko siku.

Niliutoa ufunguo kwenye pindo la kanga. Nikapiga magoti kwenye saruji iliyopoa, nikausukuma chini ya mlango, mbali kadiri vidole vyangu vilivyofika.