Bromuri ya Ramazani

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya boma la Kindu, Daktari alinionyesha chupa tatu za unga mweupe akanikataza kuonja hata moja. Alipogeuka nikaonja ya kati. Ilikuwa na chumvichumvi, na uchungu kidogo baadaye.

"Hiyo ni bromuri," akasema bila kunitazama. "Ukiendelea utalala kazini."

Bromuri hutokana na bromini, kimiminika chekundu chenye moshi wa kukaba koo, ambacho Wazungu walikitoa katika maji ya chumvi. Kikiungwa na fedha, kilipakwa kwenye vioo vya kupigia picha. Kikiungwa na potasi kilikuwa dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu, na wakati ule hatukuwa na nyingine ya kifafa. Kazi yangu ilikuwa kuipima na kuifunga katika karatasi.

Ramazani alishika kasia la nyuma katika mtumbwi mkubwa wa boma, ule wa kwenda Lokandu. Alianguka kifafa ukingoni mwa mto, mbele ya watu, na Mkuu wa Boma akamwondoa mtumbwini siku hiyo hiyo. Daktari akamwahidi kwamba akimaliza masika bila kuanguka, atarudi. Ramazani hakujua kazi nyingine wala hakuitaka. Nikawa nampa mkewe, Mama Zaina, dawa ya juma zima.

Ramazani akaendelea kuanguka. Daktari akanituma nyumbani kwao nikaangalie. Mchana kweupe nilikuta nyumba nzima inasinzia: mama mkwe ameegemea kinu, mashemeji wamelala barazani, mbuzi wanajilia mihogo.

"Mama Zaina, dawa ya bwana yako iko wapi?"

"Njo hii, mu nyungu ya sombe. Ile dawa iko na chumvi, ndugu yangu. Muntu atakula chumvi peke yake, wenzake wanamuangalia tu?"

Nilitazama chungu cha kisamvu nikacheka, kisha nikaacha. Chumvi kwetu ilikuwa adimu. Wengi walichuja majivu ya majani ya mtoni, na aliyekula ya kweli kwa siri alihesabiwa karibu sawa na mchawi.

Daktari hakukasirika. Akaagiza Ramazani anywe pale pale zahanati kila asubuhi. Ramazani akashika kikombe, akamtazama mkewe aliyekuja naye, hakunywa. Daktari akashusha pumzi, akakoroga chumvi ya jikoni kwake katika kikombe cha pili, akampa Mama Zaina. Wakanywa pamoja, na tangu hapo wakawa wanakuja wawili.

Masika yakapita salama. Ramazani akarudi mtoni, na mimi nilifurahi kama ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Kisha Daktari akahamishwa, na shehena ya dawa haikufika. Bromuri haiachwi ghafla. Kifafa hurudi kwa nguvu. Daktari mpya akamsihi Ramazani ashuke mtumbwini.

"Safari hii moja tu," akajibu. "Mukubwa anangoja muzigo."

Mtumbwi ulirudi kutoka Lokandu, kasia la nyuma limeshikwa na mtu mwingine. Ramazani alikuwa ameangukia mtoni, akazama.

Sasa nimestaafu, ninalima bustani Alunguli. Vijana wa zahanati wananiambia kuna dawa bora zaidi, nami nawaamini. Nawauliza tu mgonjwa wao anakula na nani, wananiona msumbufu. Kazi yangu niliipenda. Lakini asubuhi iliyofuata kurudi kwa mtumbwi, Mama Zaina alikuja zahanati peke yake, akaketi mahali pake. Nikamkorogea chumvi. Akanywa nusu, nusu akaiacha.